Meza Mbili Katika Shule Moja



Leo nataka kunena nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulitazama kama mchezo wa watoto, nami nasema si mchezo. Ni habari ya urafiki wa wanafunzi katika shule zetu za sekondari, na jinsi mali ya wazazi inavyoukata urafiki huo vipande viwili. Najua wako watakaosema, "Huyu mwalimu na afundishe hesabu. Nani awe rafiki wa nani, hilo si shauri lake." Hao nitawajibu huko mbele. Kwanza nawaomba mnisikilize.

Sisi wa Kolandoto twakaa penye njia panda. Barabara moja yatoka mjini Shinyanga kwenda Mwanza, na nyingine yaachana nayo hapa kwenda Lalago. Tangu mwaka 1913, wamisionari wa Africa Inland Mission walipoanza kazi ya uganga hapa, watu wa kila namna wamepita mbele ya milango yetu. Si mbali nasi iko Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Upande wa magharibi ziko Kahama na Geita, nchi za dhahabu. Basi katika darasa moja la sekondari utamkuta mtoto wa mkulima wa pamba, na mtoto wa mwuguzi, na mtoto wa mwenye duka, na mtoto wa mwenye duara la dhahabu, na mtoto wa yule anayeshuka ndani ya duara hilo kwa kamba ili apate ujira wa siku. Hakuna mahali pengine ambapo watu hao wote hukutana kila siku, wakakaa pamoja, wakaitwa kwa majina yao tu. Sokoni hukutana kwa bei. Hospitalini hukutana kwa maradhi. Shuleni peke yake hukutana kama wenzi.

Nami nimefundisha miaka ya kutosha kuona kwamba nafasi hiyo twaipoteza mikononi mwetu.

Watu husema, "Ndege wafananao huruka pamoja." Nikiuliza kwa nini watoto wenye nacho wamekaa peke yao chini ya mti mmoja, na wasio nacho chini ya mti mwingine, hujibiwa mithali hiyo, kisha mazungumzo yamekwisha. Lakini mithali hii ni kweli kwa ndege, maana ndege huzaliwa na namna ya manyoya yake. Mtoto hakuzaliwa na viatu. Mtazameni mtoto wa miaka mitano: huchezea udongo na yeyote atakayekuja na kopo. Haulizi nyumba ya mwenzake imeezekwa kwa nini. Mtoto huyo huyo akifika kidato cha pili hujua vema nani anastahili kuketi naye na nani hastahili. Je, ni nani aliyemfundisha? Somo hilo halimo katika vitabu vyetu. Basi tumemfundisha sisi wazazi na walimu, na hiyo ndiyo hoja yangu ya leo.

Sisemi kwamba zamani hapakuwa na tajiri na maskini. Walikuwako. Katika Usukuma alikuwako mtemi, na mwenye ng'ombe mia, na yule asiye na hata mbuzi. Lakini wazee wetu walikuwa na akili ya kuwaweka vijana pamoja. Kila kijiji kilikuwa na chama cha vijana, basumba, chini ya mkubwa wao aliyeitwa nsumba ntale. Wakati wa kulima ulipofika, kijana wa mwenye ng'ombe mia na kijana wa asiye na ng'ombe walisimama katika mstari mmoja na majembe yao, wakaimba wimbo mmoja, wakala chakula kimoja alichowapa mwenye shamba. Mvivu alichekwa kwa uvivu wake, wala hakuchekwa kwa umaskini wa baba yake.

Tena mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi lake. Aliwakabidhi wengine kwa jirani asiye na ng'ombe. Jirani akakamua maziwa, akawalea wanawe. Na mwenye mali akajua kwamba ugonjwa ukiingia katika zizi moja hautamaliza mali yake yote. Wala hakuna aliyeiita desturi hiyo sadaka, maana wote wawili walipata faida. Naomba mlikumbuke jambo hili la ng'ombe, maana nitalirudia.

Sasa tutazame shule. Waingereza walipofungua shule ya serikali huko Tabora katika miaka ya 1920, walikusudia hasa wana wa machifu. Mwana wa mkulima wa kawaida hakuwa na nafasi kubwa. Julius Nyerere aliingia shule hiyo mwaka 1937, naye alikuwa mwana wa chifu, Nyerere Burito wa Wazanaki. Lakini huyo huyo mwana wa chifu ndiye aliyeandika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, akaonya kwamba elimu isiwafanye wachache wajione kuwa ni watu wa namna nyingine, walio bora kuliko wale waliobaki shambani. Nchi ikaendelea polepole. Mwaka 2004 ulianza mpango mkubwa wa kujenga shule za sekondari katika kata. Wakati ule shule za sekondari nchini zilikuwa kama 1,300, na kufika mwaka 2010 zilikuwa zimepita 4,000. Wanavijiji walibeba mawe na mchanga kwa vichwa vyao. Kisha Januari 2016 ada ikaondolewa katika kidato cha kwanza hata cha nne: shilingi 20,000 kwa mwaka katika shule za kutwa za serikali, na 70,000 katika zile za bweni.

Hivyo mlango umefunguliwa, nasi twashukuru. Wenye mali nyingi zaidi wamewapeleka watoto wao mbali, katika shule za kulipia, na hiyo ni haki yao. Hao siwasemi sana. Nawasema waliobaki, maana hata katika shule zetu za kata wako wenye nacho na wasio nacho. Tumewaingiza wote katika nyumba moja, kisha ndani ya nyumba hiyo tumejenga kuta.

Ukuta wa kwanza, nao ndio mkubwa, ni chakula. Ada iliondolewa, lakini mchango wa chakula cha mchana umebaki juu ya wazazi. Katika shule nyingi mambo huenda hivi. Orodha husomwa mbele ya wote: hawa wamelipa, hawa hawajalipa. Kengele ikilia, waliolipa hushika sahani zao, hupanga mstari, hupata makande. Wasiolipa huzunguka nyuma ya madarasa wakingoja saa zipite. Wengine huenda kutafuta ubuyu au embe. Nimemwona kijana akila michembe kwa kificho, mkono mfukoni, kama mtu aliyeiba. Michembe! Chakula ambacho kila nyumba ya Usukuma imekijua, kilichowavusha babu zetu katika miaka ya njaa, leo kimekuwa aibu ya kufichwa mbele ya sahani ya makande.

Sikilizeni jinsi urafiki unavyokufa hapo. Wawili wameketi dawati moja tangu asubuhi. Wameazimana rula na kalamu, wamecheka pamoja. Kengele inalia. Mwenye sahani haendi tena kuketi na rafiki yake, wala si kwa sababu ya kumchukia. Ana haya ya kula mbele ya mtu asiyekula. Na asiye na sahani hamfuati rafiki yake, asije akadhaniwa amekwenda kuomba. Wote wawili wana tabia njema, wala hakuna aliyemkosea mwenzake. Hata hivyo wameachana. Kesho wataachana tena, na kesho kutwa. Mwisho wa muhula kila mmoja amepata wenziwe, huyu katika mstari wa makande, yule nyuma ya darasa. Ndipo mzazi apitapo njiani, akawaona, akasema, "Ndege wafananao." Ndugu yangu, ndege hawa hawakufanana wala hawakutofautiana. Walitenganishwa kwa orodha.

Ukuta wa pili ni lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili miaka saba. Siku anapoingia kidato cha kwanza karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Kando yake ameketi aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu utoto, kwa fedha ya baba yake. Mwalimu akiuliza, huyu wa pili husimama akajibu. Wa kwanza hunyamaza, ingawa jibu analo katika Kiswahili na katika Kisukuma. Baada ya juma chache mnyamavu ameitwa mjinga, na msemaji ameitwa mwenye akili. Wenye Kiingereza hukaa pamoja, husahihishana, husonga mbele. Wengine hubaki kimya pamoja. Nami nimewaona wanyamavu waliokuwa hodari wa hesabu kuliko wasemaji wote.

Ukuta wa tatu tumeujenga sisi walimu, nami sitauficha. Ni masomo ya ziada ya kulipia. Sisemi ni vibaya mwalimu kumsaidia mtoto jioni. Nasema ni vibaya mwalimu kuifundisha nusu ya somo mchana na kuiuza nusu ya pili jioni. Walimu wenzangu, tukifanya hivyo tumeuza kitu tulichokwisha kulipwa. Tena tumewagawa wanafunzi kwa mkono wetu: hawa wa jioni, na hawa wa mchana tu. Kesho yake darasani wale wa jioni hutazamana na kucheka swali lililokwisha kujibiwa jana, na wale wengine hawajui kicheko kimetoka wapi.

Ukuta wa nne ni malazi. Kata zetu ni pana, na shule yaweza kuwa mbali na nyumbani. Wazazi wengi humpangia mtoto chumba karibu na shule, na humo hukaa peke yake, binti hata wa miaka kumi na minne, na debe la unga na chumvi. Unga ukiisha, atakwenda wapi? Na tunda linaloletwa na mwendesha pikipiki, na viatu vinavyoletwa na kijana aliyetoka machimboni, vitamkuta mlangoni. Binti huyo hataki makuu. Anataka kuonekana kama wenziwe, asichekwe. Hapo ndipo mchezo wa watoto unapoacha kuwa mchezo.

Mwaka 2010, uchunguzi wa taifa ulionyesha kwamba katika mkoa wa Shinyanga, kama ulivyokuwa kabla ya kukatwa mwaka 2012, wanawake 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hata 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi huulaumu umaskini, na kwa kweli umaskini umo. Lakini yafaa tuulize pia: binti yule alipokosa kuja shuleni siku tatu, ni nani aliyekwenda kwao kumwuliza? Mwalimu ana madarasa manne. Ofisi ina karatasi zake. Mtu wa kwanza ajuaye kwamba dawati ni tupu ni aliyeketi kando yake. Ikiwa huyo ni rafiki, atakwenda. Atamwambia mama yake, na mama yake, ikiwa ni mtu mwenye sauti kijijini, atanena na wazazi wa binti. Mambo mengi yamezuiwa kwa njia hiyo. Lakini ikiwa binti yule hana rafiki ila wenye njaa wenziwe, basi hakuna hata mmoja mwenye sauti. Tena Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyejifungua aweza kurudi shuleni. Vema sana. Lakini tangazo lamfikisha mlangoni tu. Je, akiisha kuingia, ni nani atakayekubali kuketi naye?

Labda wewe mzazi mwenye mali wasema moyoni, "Haya yote ni hasara ya maskini, mimi na mwanangu hatumo." Umo, tena sana. Nakumbusha habari ya ng'ombe. Wewe unawaweka ng'ombe wako wote katika zizi moja. Mtoto wako ana marafiki kumi, na wote ni watoto wa watu wenye fedha kama yako, iliyotoka mahali pale pale ilikotoka yako. Siku fedha hiyo ikikatika, itakatika kwa wote kumi pamoja.

Wala usidhani nakutisha bure. Tazama nchi tunayokaa. Mgodi wa zamani wa Geita ulianza katika miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966, na uchimbaji mkubwa haukurudi mpaka mwaka 2000. Mgodi wa Buzwagi, karibu na Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na mwaka 2021 shughuli zake zikafungwa. Kila mara mgodi unapofungwa, nyumba zilizoitwa za wakubwa huhamwa, na watoto wao hutafuta shule nyingine. Na huko kwa wachimbaji wadogo, Mwakitolyo na Nyarugusu na Rwamgasa, mambo huenda kasi zaidi. Mtu hupata mwamba mzuri, hununua gari, hujenga, huitwa mheshimiwa. Mwamba ukipotea, huuza gari, kisha huuza mabati. Katika nchi ya dhahabu tajiri na maskini hubadilishana viti upesi kuliko mahali popote. Anayewachagulia watoto wake marafiki kwa kutazama fedha ya leo anachagua kwa kutazama shimo.

Hasara nyingine ya mtoto wa tajiri ni ujinga, na ujinga huu hautokei katika cheti cha mtihani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hapa Kolandoto twawafunza wauguzi na watabibu, na baadhi ya wanafunzi wetu wa leo watavaa mavazi yale meupe. Siku moja atakuja mbele yao mama aliyetembea tangu alfajiri, kanga imechakaa, hajui kueleza maumivu yake ila kwa Kisukuma. Mwuguzi atakayemketisha vizuri na mwuguzi atakayemfokea wamesoma vitabu vile vile. Mmoja aliwahi kuwa na rafiki ambaye mama yake ni mtu wa namna hiyo. Alikula kwake, alilala kwake. Mwingine hakuwahi. Vivyo hivyo kwa hakimu, na kwa afisa wa kilimo, na kwa mwalimu. Watu wa Mwadui waliuzungushia mji wao ua tangu zamani za Williamson ili kulinda almasi, na jambo hilo lafahamika. Lakini mtoto si almasi. Ukimzungushia ua hapati thamani. Anabaki mgeni katika nchi aliyozaliwa.

Sasa niwajibu wanaonipinga.

Wa kwanza husema, "Mwanangu ataharibiwa na watoto wa ovyo." Jibu langu ni hili: uovu haukuandikiwa maskini. Nimeona watoto waliofundishwa wizi na ulevi na wenye nacho, na simu zilizojaa picha za aibu hazikuletwa shuleni na mtoto wa kibarua. Mchagulie mwanao marafiki kwa tabia zao, nami nitakushukuru. Lakini usiite umaskini tabia.

Wa pili husema, "Mali yangu nimeipata kwa jasho. Kwa nini nilishe watoto wa wavivu?" Bwana mkubwa, mkulima wa pamba huamka kabla yako. Alilima, akapanda, akapalilia, akanyunyizia dawa, kisha mvua ikakoma mwezi mmoja mapema, au bei ikaanguka siku ya kuuza. Hata kama baba yake angekuwa mvivu, mtoto hakumchagua baba. Tena hatukuombi uwalishe. Twaomba usikubali mwanao ale huku mwenzake wa dawati moja akitazama.

Wa tatu husema, "Urafiki haujazi tumbo." Ni kweli, na kama ningedai kwamba urafiki utaondoa umaskini wa Shinyanga ningekuwa mwongo. Umaskini huondolewa kwa mvua, na bei nzuri, na barabara, na haki. Lakini mambo hayo huamuliwa na watu, na watu hao wako madarasani sasa. Wasipofahamiana wakiwa na miaka kumi na mitano, watafahamiana lini?

Wa nne ndiye aliyesema kwamba si kazi ya mwalimu. Namwuliza: orodha ya waliolipa na wasiolipa husomwa na nani? Madawati hupangwa na nani? Ikiwa ni kazi yetu kuwatenganisha, basi ni kazi yetu pia kuwaunganisha.

Nanyi ndugu zangu maskini, msifurahi mkidhani nimewaandikia wengine tu. Wako baadhi yetu wanaochinja ng'ombe wa harusi na kununua pombe kwa siku tatu, kisha wakiombwa debe la mahindi kwa ajili ya mtoto wasema hawana kitu. Huo si umaskini. Wako pia wanaomfundisha mtoto kumtazama rafiki mwenye nacho kama mfuko: "Mwambie akununulie, mwambie akupe." Mtoto huyo hana rafiki, ana windo. Na wako wanaomchukia mtoto wa tajiri kwa kosa la kuzaliwa, wakamwita majina, wakamfukuza katika mchezo, kisha wakalalamika kwamba ana majivuno. Kijana usiye na kitu, usimwendee rafiki yako mikono mitupu. Unajua hesabu? Mfundishe. Unajua kulima, kukamua, kusoma dalili za mvua? Mwonyeshe. Wala usione haya kusema, "Leo sina," na usipokee zawadi usiyoweza kuisema mbele ya mama yako.

Sote tunaosoma Biblia twajua habari ya Yonathani na Daudi. Mmoja alikuwa mwana wa mfalme, na mwingine mchunga kondoo aliyetoka malishoni. Tazameni Yonathani alitoa nini. Hakumtupia Daudi masazo ya meza ya baba yake. Alivua joho lake mwenyewe, na silaha zake, na mshipi wake, akampa. Maana yake, alivua vile vitu vilivyomwonyesha kuwa yeye ni mwana wa mfalme na mwenzake si kitu. Sadaka hutoka juu kwenda chini, na mtoaji hubaki juu. Urafiki huwaweka wawili mahali pamoja. Ndiyo maana sikuja leo kuwaomba wenye mali sadaka.

Basi tufanye nini? Nitasema mambo manne tu, na yote yamo katika uwezo wetu bila kungoja mtu wa mbali.

Kwanza, chungu kiwe kimoja. Mkutano wa wazazi uamue kwamba wanafunzi wote watakula, na kila nyumba itoe kwa namna iwezavyo: huyu fedha, huyu debe la mahindi, huyu maharagwe, huyu kuni, na yule asiye na kitu kabisa aje siku chache kulima shamba la shule au kuchota maji ya jikoni. Hesabu iwekwe na kamati, na mzazi anayedaiwa aitwe yeye mwenyewe faraghani. Mtoto asisomewe deni la baba yake mbele ya wenziwe. Na walimu tule katika chungu hicho hicho.

Pili, walimu tupange madawati kwa akili. Kila muhula tumweke mwenye Kiingereza kando ya mwenye hesabu, na wa mjini kando ya wa kijijini, tuwape kazi ambayo mmoja hawezi kuimaliza bila mwenzake. Na somo lote tulifundishe mchana, mbele ya wote.

Tatu, wasichana waliopanga vyumba wasiachwe peke yao. Wakae wawili au watatu pamoja, karibu na nyumba ya mama anayejulikana, na wazazi wa kila upande wajuane kwa majina.

Nne, wewe mzazi mwenye nacho, usimletee mwanao sinia lake peke yake siku ya kutembelea shule ya bweni. Tandika mkeka, waite na wale ambao hawakutembelewa. Na jioni hii mwulize mtoto wako, "Rafiki yako ni nani, na kwao ni wapi?" Ukisikia kwamba marafiki wake wote wanakaa katika nyumba kama yako, ujue kuna kazi ya kufanya. Ukisikia jina la mtoto wa kibarua, usikunje uso. Nenda kwao ukawaamkie wazazi wake, ukae katika kiti watakachokupa.

Haya si mambo mageni. Babu zetu waliosimama katika mstari mmoja na majembe waliyafanya bila kwenda shule. Sisi tulio na madaftari na vyeti tumepanga meza mbili chini ya paa moja, kisha twashangaa kwamba watoto hawasalimiani njiani. Mikutano ya wazazi ipo kila muhula. Nendeni katika mkutano ujao, msimame, mseme juu ya chungu kile. Anayeona nimekosea na aandike katika gazeti hili hili, nami nitamsoma kwa heshima. Lakini kabla ya kuandika, naomba kwanza apite shuleni kwa mwanawe saa ya chakula, atazame nani ameketi wapi.